Tangazo Ukutani: Vijana na Elimu ya Barafu

Mwaka 1955, katika chuo kikuu cha mji wa Besançon, Ufaransa, lilibandikwa ukutani tangazo fupi la kutafuta vijana watafiti wa kwenda safari za Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Na kijana mmoja wa miaka ishirini na mitatu, Claude Lorius, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize masomo yake ya fizikia, alilisoma akaitika. Muda si mrefu, katika mwaka 1957, yeye na wenziwe wawili walikuwa wakiishi ndani ya kibanda cha mita za mraba 24 kilichofukiwa na theluji, kiasi cha kilomita 320 kutoka pwani ya Antaktika, wakikaribia kutimiza mwaka mzima humo, mbali na kila mtu, kazi yao ikiwa ni kupima baridi, upepo na theluji na kuandika walichokipima.

Kijana huyo hakuacha tena barafu. Katika safari nyingine, mwaka 1965, alipokuwa amekaa na wenzake jioni baada ya kazi, walitia katika bilauri zao za wiski mapande ya barafu ya kale waliyoyatoa chini kwa kupekecha, na barafu ilipokuwa ikiyeyuka ikatoa mapovu; naye akatambua kwamba yale mapovu si kitu ila hewa ya zama zilizopita, iliyofungiwa ndani theluji ilipokuwa ikigandamana kuwa barafu, na kwamba mwenye kuweza kuipima hewa ile angejua dunia ilivuta pumzi gani kabla ya kuandikwa tarehe yoyote. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1987 yeye na wanazuoni wenzake, Wafaransa na Wasovieti, walitangaza habari za barafu iliyotolewa katika kituo cha Vostok, Antaktika, kutoka kina cha zaidi ya mita 2,000, yenye kumbukumbu ya miaka 160,000, na ndani yake ikaonekana wazi kwamba hewa ya kaboni na joto la dunia vimekuwa vikipanda na kushuka pamoja dahari zote hizo.

Nimeanza na habari hii kwa sababu elimu ya barafu, tangu ilipokuwa changa, imejengwa na vijana waliopewa nafasi mapema, kabla hawajapata jina wala cheo. Na kwa sababu milango ya namna ile haijafungwa, bali imeongezeka, ingawa watu wa nchi za joto aghalabu hudhani kuwa imewekewa wengine. Dhana hiyo si sahihi. Barafu haimuulizi mtu alizaliwa wapi. Inachotaka kwake ni hesabu, saburi na mwili wenye afya, na hata hili la mwisho, kama nitakavyoeleza, si lazima kwa kila kazi.

Mfano mmoja ni ule wa Juneau. Mpakani mwa Alaska na Kanada pana uwanda mkubwa wa barafu ambako, tangu miaka ya 1940, kwa juhudi ya mwanajiolojia Maynard Miller, wanafunzi hupelekwa kila kiangazi, wakauvuka kwa skii na kwa miguu kutoka mji wa Juneau mpaka mji mdogo wa Atlin, safari ya majuma mengi, wakihama kutoka kambi hata kambi. Wengi wao hawajamaliza shahada ya kwanza. Na kazi yao kubwa, msomaji asishangae, ni kuchimba mashimo. Huchimba kwa sepetu kwenda chini mita tatu, nne au zaidi, hata wafikie tabaka gumu lenye uchafu kidogo, ambalo ndilo uso wa kiangazi kilichopita. Ukuta mmoja wa shimo huachwa upande wa kivuli, wala hakuna ruhusa ya kukanyaga juu yake, kwa kuwa theluji ikipigwa na jua au kushindiliwa na miguu haitasema kweli. Kisha mmoja hudidimiza ukutani bomba fupi la chuma ambalo ujazo wake unajulikana, akalichomoa limejaa, akalitundika kwenye mzani mdogo, akasoma uzito kwa sauti, na mwenziwe, ambaye vidole vimemfa ganzi, akauandika daftarini kwa penseli, maana wino huganda. Hivyo hivyo huteremka kutoka juu mpaka chini, kipimo kwa kipimo, na mwisho wake hujulikana theluji ya msimu mzima ni sawa na maji ya kina gani. Na yakisha kutolewa yaliyoyeyuka wakati wa joto, mto wa barafu hufungiwa hesabu yake ya mwaka kama mfanyabiashara afungavyo daftari, ikaonekana umepata faida au hasara. Kwa mashimo hayo ya wanafunzi, kumbukumbu za mito ya Taku na Lemon Creek zimekuwa miongoni mwa zilizo ndefu kabisa katika Amerika ya Kaskazini. Ada ya safari hii ni nzito, ya dola maelfu kadhaa, lakini kuna misaada ya fedha kwa wasiojiweza, na mwenye haja na aulizie mapema.

Mlango wa pili uko Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kwenye nyuzi 78 za kaskazini, ambako jua huzama mwishoni mwa Oktoba wala halionekani tena mpaka mwaka mpya uwe umeingia vyema. Katika mji wa Longyearbyen, tangu 1993, kipo chuo kinachofundisha elimu ya nchi za baridi pale pale penye baridi. Mwanafunzi aliyeandikishwa katika chuo kikuu cha kwao huenda huko kwa muhula mmoja au miwili, na kabla ya kuonyeshwa mto wa barafu hufundishwa namna ya kumwokoa mwenziwe aliyetumbukia katika ufa, na namna ya kushika bunduki, kwa kuwa nje ya mji dubu weupe ni hatari ya kweli. Nitaongeza jambo ambalo wachache wanalijua: kwa kufuata desturi iliyotokana na Mkataba wa Svalbard wa 1920, visiwa hivyo havidai viza kwa mtu wa taifa lolote, mradi aweze kujikimu, ila njia ya kufika hupitia Norway bara, na huko viza hutakiwa kama kawaida.

Kwa walio katika shahada za uzamivu pana madarasa mafupi ya kiangazi, kama lile la Karthaus, kijiji cha milimani Italia, lililoanzishwa na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Utrecht, na lile la McCarthy, Alaska. Kwa kila mtu, hata asiye na shahada, kuna jumuiya ya watafiti vijana wa ncha za dunia, APECS, iliyozaliwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007 na 2008. Uanachama wake hauna malipo, nao humkutanisha chipukizi na mkongwe wa kumwongoza.

Haifai hata hivyo kumpamba kijana kwa matumaini ya bure. Ruzuku za kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, SCAR, ambazo humpeleka mtafiti mchanga kufanya kazi katika chuo cha nchi nyingine, zimekusudiwa watu wa nchi wanachama, na katika Afrika mwanachama ni Afrika ya Kusini peke yake, dola iliyotia sahihi Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, yenye kituo chake katika bara lile, na meli yake, S.A. Agulhas II, hung'oa nanga Cape Town ikielekea kusini. Kwa sababu hiyo naona njia iliyo karibu zaidi kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda apendaye bahari ya kusini ni kwenda kusoma shahada ya pili Cape Town, ambako wanafunzi hupakiwa melini pamoja na walimu wao.

Ama asiyeweza kusafiri kabisa, au ambaye mwili wake haumruhusu, naye hakunyimwa fungu. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Takwimu za mito ya barafu zinakusanywa Zürich na kutolewa kwa yeyote. Na programu ya kukokotoa mwenendo wa mito ya barafu ya dunia nzima, OGGM, ambayo wanazuoni wa Innsbruck ni miongoni mwa walioijenga, hupakuliwa bila ya senti moja. Mwenye kompyuta ya wastani na ujuzi wa hesabu anaweza, akiwa Morogoro au Kisumu, kufanya kazi itakayosomwa na wakubwa wa fani hii.

Na kazi ipo, tena nyumbani. Barafu ya Kilimanjaro ilienea karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2000 msafara wa mtaalamu wa barafu Lonnie Thompson kutoka Ohio ulipekecha barafu hiyo katika mahali sita, na miche yake, yaani nguzo nyembamba za barafu zilizotolewa, imehifadhiwa katika ghala la baridi mjini Columbus. Kituo cha kupima hali ya hewa kileleni kiliwekwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Barafu ya Lewis katika Mlima Kenya imepimwa na watu wa Wisconsin, kisha wa Innsbruck. Nawashukuru wote, kwa maana lau si wao tusingejua kwamba barafu ya Kilimanjaro haiangamizwi na joto la hewa peke yake, kwani kileleni aghalabu ni chini ya sifuri, bali na jua kali na uhaba wa theluji mpya, hata sehemu kubwa ikageuka mvuke bila ya kuwa maji kwanza. Lakini naona uchungu kwamba kumbukumbu za milima yetu zimeandikwa karibu zote na mikono ya wageni, na muda uliobaki wa kuziandika ni mfupi.

Wala jambo hili haliishii milimani. Greenland hupoteza kadiri ya tani bilioni 270 za barafu kila mwaka, na wingi ule wa barafu, ambao kwa uzito wake huyavuta maji ya bahari kuja karibu nao, ukipungua huyaachilia yaende mbali. Kwa hiyo bahari hushuka huko kwenye barafu na kupanda kupita wastani katika nchi za joto. Mwenye nyumba Lamu, Pemba au Kilwa ana haki katika elimu hii sawa na mtu wa Tromsø, Norway.

Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia ujao, ambao ni wa tano, umepangwa kuwa 2032 na 2033. Kijana anayeingia chuo kikuu siku hizi kusoma fizikia, jiografia au hisabati atakuwa wakati huo katika umri ule ule wa Lorius au ameupita kidogo. Basi nawasihi walimu wa masomo hayo, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na kwingineko, wayabandike matangazo ya nafasi hizi ukutani mahali ambapo wanafunzi wao watayaona, na wawasaidie kuandika maombi kabla ya siku ya mwisho.