Nilikwenda China kununua mashine ya mahindi, nikafika kwenye hekalu la mavuno

Na Mwandishi Wetu, Mponela

KABLA sijaondoka Mponela, mama mmoja anayeuza vitenge katika kambi ya Dzaleka alinikabidhi vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mchango wake wa mashine ya kusaga mahindi, akiba ya miaka mitatu. Cha pili kilikuwa ombi. Katika duka moja jijini Lilongwe aliwahi kuona kalenda yenye picha ya jumba la mviringo, mapaa matatu ya rangi ya buluu yamepandana kama masufuria yaliyofunikwa. Mwenye duka alimwambia jumba hilo liko Beijing, na kwamba limejengwa kwa mbao bila msumari.

"Kaka, marehemu baba yangu alikuwa seremala Uvira," aliniambia. "Alikuwa anasema nyumba bila misumari inawezekana, na sisi watoto tunamcheka. Ukifika kule, niangalizie."

Yeye mwenyewe hawezi kwenda. Ni mkimbizi, na utaratibu wa Malawi unawataka wakimbizi waishi kambini. Dzaleka, iliyopo wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilipangwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Ndiyo maana ukipita sokoni pale utasikia Kiswahili kama uko Kigoma. Mwaka 2023 Serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Tangu hapo, mwenye mtaji Dzaleka anahitaji mtu wa nje wa kumwamini.

Mtu huyo safari hii nilikuwa mimi, Mtanzania wa Kyela mwenye duka Mponela. Mshirika wetu wa tatu ni mkulima wa hapa, Mchewa, aliyetoa banda karibu na barabara kuu ya M1. Watatu sisi, mashine moja. Tulikuwa tumeshapoteza malipo ya awali kwa muuzaji tuliyempata kwa simu tu, ambaye baada ya kupokea fedha hakupokea tena simu. Tukakubaliana: safari hii fedha haitoki mpaka macho yameona na mkono umegusa.

Siku moja ya kusubiri

Nilisafiri Oktoba 2024. Wafanyabiashara wengi wa kwetu wakienda China huishia Guangzhou au Yiwu, kwenye nguo, viatu na vifaa vya simu. Mashine za kusaga mahindi zinazoletwa Afrika nyingi hutengenezwa mkoa wa Hebei, hasa karibu na mji wa Shijiazhuang, na mlango wake ni Beijing. Kutoka Lilongwe nilipita Addis Ababa, nikashuka Beijing Ijumaa usiku. Kiwanda kilikuwa kimenipa miadi ya Jumapili. Jumamosi yote ilikuwa yangu, na ombi la yule mama lilikuwa mfukoni.

Hekalu la Mbinguni halina shida kulifikia. Treni ya chini ya ardhi, njia namba 5, ina kituo kwenye lango la mashariki. Nilifika asubuhi nikidhani nitakuta mahali pa kimya, watu wameinamisha vichwa. Nilikuta wazee wanacheza karata.

Ukishavuka lango unaingia kwenye ushoroba mrefu wenye vyumba 72 vilivyoungana, uliotumika zamani kupitisha sadaka kutoka jikoni hadi ukumbini bila kunyeshewa. Sasa pembeni zake wamekaa wastaafu wa Beijing. Hawa wanacheza karata, wale wanafuma sweta, kikundi kingine kinaimba kwaya. Kwenye uwazi kuna wanaorusha kwa mguu kitu chenye manyoya ya ndege, mchezo unaofanana na danadana. Mbele kidogo, wazazi wameweka chini karatasi zenye umri, kazi na kimo cha watoto wao, wakiwatafutia wachumba. Wanasoma karatasi za wenzao kwa makini kama sisi tunavyosoma bei ya mchele Kasumulu.

Kwa karne nyingi hakuna hata mmoja wao ambaye angeruhusiwa kukanyaga hapo. Mahali hapa palikuwa pa mfalme peke yake na watumishi wake. Siku ya msafara, wananchi walitakiwa kujifungia ndani wasimwone akipita. Bustani ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1918, baada ya ufalme kuanguka. Mwaka 1998 shirika la UNESCO liliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Eneo lake ni hekta 273, karibu mara nne ya Kasri la Kifalme lililo katikati ya mji, na lina zaidi ya miti 3,000 ya kale, mingi jamii ya mivinje. Beba maji na vaa viatu vya kutembelea.

Nguzo 28

Ukumbi wa Kuombea Mavuno Mema ndio ule wa kwenye kalenda. Unasimama juu ya jukwaa la ngazi tatu za mawe meupe, na kimo chake ni mita 38. Umbo lake la duara ni mfano wa mbingu, kwani Wachina wa kale waliamini mbingu ni duara na ardhi ni mraba. Vigae vya buluu navyo ni rangi ya mbingu.

Ndani hairuhusiwi kuingia. Unachungulia mlangoni, mnasukumana. Lakini nguzo zinaonekana. Ziko 28. Nne kubwa za katikati ni misimu minne ya mwaka. Kumi na mbili zinazofuata ni miezi. Kumi na mbili za nje ni saa za siku, kwa sababu Wachina wa zamani waligawa usiku na mchana katika sehemu 12. Kwa mkulima jengo lote hilo ni kalenda ya shamba.

Nikatafuta misumari. Mabango ya pale yanaeleza kwamba mbao zimeunganishwa kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja imechongwa ikaingia kwenye tundu la mwingine, uzito wa paa ukazibana. Nilipiga picha nyingi za viungo hivyo kadiri simu ilivyoweza kuvuta karibu, kwa ajili ya mtoto wa seremala.

Jambo moja lilinifurahisha kama mfanyabiashara. Ukumbi huu si ule wa awali. Hekalu lilikamilika mwaka 1420, na ukumbi wa duara ukajengwa mwaka 1545, lakini mwaka 1889 radi iliupiga ukateketea. Ulipojengwa upya miaka michache baadaye, inaelezwa kuwa miti mirefu ya kutosha kwa nguzo haikupatikana tena China, ikaagizwa kutoka Oregon, Marekani. Kumbe hata mfalme wa China alisubiri mzigo bandarini.

Mfalme aliyetembea kwa miguu

Kazi ya hekalu ilikuwa moja: chakula. Mwanzoni mwa mwaka wa Kichina mfalme alikuja kuombea mavuno. Siku ya usiku mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, alirudi kutoa sadaka kwenye madhabahu ya wazi upande wa kusini. Kabla ya hapo alifunga siku tatu: hakuna nyama, hakuna pombe, hakuna muziki. Yeye ndiye aliyeitwa Mwana wa Mbingu, kwa hiyo mvua ikikosekana lawama ilimwangukia yeye.

Madhabahu hayo hayana paa. Juu yake kuna jiwe moja la duara katikati, limezungukwa na mawe 9, kisha 18, kisha 27, hadi duara la tisa lenye mawe 81. Tisa ilikuwa namba ya mfalme. Watu hupanga foleni kusimama juu ya jiwe la katikati wapigwe picha. Karibu na hapo kuna Ukuta wa Mwangwi, ambao wanasema ukinong'ona upande huu mwenzako anakusikia upande wa pili. Jumamosi ile kila mtu alikuwa anapiga kelele, sikusikia cha maana.

Nilichokaa nacho ni habari ya mfalme Wanli. Mwaka 1585, ukame ulipozidi, alikataa kubebwa. Alitembea kwa miguu kutoka kasri hadi madhabahu haya, kilomita kadhaa, maofisa wake nao wakitembea nyuma. Baada ya sala aliwaambia kwamba ukame umetokana na upungufu wake mwenyewe, na pia na watumishi wala rushwa wanaowanyonya wananchi.

Nilikaa kwenye ngazi za mawe nikawaza nyumbani. Machi ya mwaka ule ule wa 2024 Rais Lazarus Chakwera alikuwa ametangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za Malawi, baada ya ukame wa El Niño kuunguza mahindi. Nami nilikuwa nimebeba fedha za watu watatu kwenda kununua mashine ya kusaga mahindi ambayo hayakuwa yamepandwa bado. Mvua isiponyesha, mashine ni chuma tu.

Wachewa nao wana mahali pao. Katika nyanda za Lilongwe, huko Msinja, palikuwa na mahali patakatifu pa kuombea mvua, chini ya mwanamke aliyeitwa Makewana, maana yake mama wa watoto. Hakuwa na vigae vya buluu wala mawe 81. Lakini alichoombwa Makewana na alichoomba mfalme wa China ni kitu kimoja.

Twiga wa Malindi

Usidhani jina la pwani yetu ni geni kwa aliyejenga hekalu hili. Mfalme Yongle, aliyelijenga, ndiye aliyetuma merikebu za Zheng He kwenye Bahari ya Hindi. Mwaka 1415, kazi ya ujenzi Beijing ikiendelea, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme huyo, wakamfananisha na mnyama wa heri wa hadithi zao. Malindi ilituma zawadi, ikapata urafiki na soko. Malawi yenyewe ilianza uhusiano wa kibalozi na Beijing mwishoni mwa 2007, na jengo la Bunge pale Lilongwe ni matunda ya urafiki huo.

Lakini urafiki wa serikali haukaguliwi mzigo wako. Jumapili nilipanda treni ya kasi hadi Shijiazhuang, safari ya zaidi kidogo ya saa moja. Kiwandani niliomba waiwashe mashine, waweke mahindi, nione unga. Ya kwanza ilitoa unga wenye chembe. Wakabadili chekeche, ukatoka laini. Nilichagua inayotumia injini ya dizeli kwa sababu umeme wa kwetu tunaujua, nikaongeza mikanda, nyundo na machekeche ya akiba. Namba ya injini niliiandika mwenyewe na kuipiga picha, halafu ndipo nikalipa sehemu. Iliyobaki tulilipa baada ya kupokea hati za meli.

Ukipata nafasi ya kwenda

Kwa wenzangu watakaopita Beijing, haya yatawasaidia:

Nenda na pasipoti yako halisi, kwani huwezi kununua tiketi bila hiyo. Kuna tiketi ya bustani peke yake na kuna ya pamoja inayofungua ukumbi, ukuta na madhabahu. Chukua ya pamoja, la sivyo utaishia kuona paa kwa mbali. Jumatatu majengo makuu huwa yamefungwa.

Fika mapema. Kabla ya saa tatu asubuhi wenyeji wako kwenye mazoezi, makundi ya watalii hayajajaa.

Weka programu za malipo na za kutafsiri kwenye simu kabla hujasafiri, maana noti hutumika kidogo sana.

Nje ya lango la mashariki kuna Hongqiao, soko maarufu kwa lulu. Bei ya kwanza si bei. Nilimnunulia mama wa vitenge shanga moja, nikaanzia theluthi ya nilichotajiwa, tukakutana katikati tukicheka wote.

Mzigo umefika

Mashine ilishuka Dar es Salaam, ikapanda lori kupitia Mbeya, ikakaa siku nne Kasumulu kwa sababu uzito kwenye ankara moja ulitofautiana na hati nyingine. Kosa lilikuwa letu. Kila karatasi isomeke sawa na mwenzake kabla mzigo haujaondoka kiwandani. Kisha Karonga, Mzuzu, na Mponela mwishoni mwa Januari.

Siku iliyofuata nilikwenda Dzaleka. Mama yule alivaa shanga bila kuitazama sana. Alitaka simu. Alikuza picha za viungo kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, akawaita wanawe waje waone.

"Huyu ni babu yenu," akawaambia. "Hivi ndivyo alivyokuwa anasema."

Kisha akaniuliza kuhusu mashine. Nikamwambia imefungwa tayari bandani, imejaribiwa kwa debe moja, unga ni mzuri. Akauliza mahindi ya mshirika wetu yamefika wapi. Nikamwonyesha kwa mkono: kiunoni. Akatazama juu kupitia mlango wa duka lake, ambako mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa milima ya Dowa, akaanza kuingiza vitenge ndani.