"Marudio" au "Hatua"? Istilahi za Kutafuta Jawabu Bora

Mfasiri akutanapo na hesabu ambayo jawabu lake hutafutwa kwa kukokotoa tena na tena, neno la kwanza limjialo aghalabu ni "marudio". Ni neno zuri, wala hatuna ugomvi nalo. Hata hivyo, katika uwanja huu twaona kuwa lapotosha, na upotofu wake hauonekani mpaka hesabu yenyewe ifanywe.

Tuchukue mfano mdogo. Gharama ya kazi fulani na itolewe na fomula x² − 6x + 10, nasi twataka kujua x iwe ngapi ili gharama iwe ndogo kabisa. Ajuaye aljebra ataona upesi kuwa x ni 3, na gharama ni 1. Lakini fomula za viwandani au za uchumi zaweza kuwa na maelfu ya vigeu, na nyingi hazifumbuliki kwa mkupuo mmoja. Ndipo ihitajiwapo njia iliyotolewa mwaka 1847 na Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, aliyekuwa akishughulikia hesabu za njia za magimba ya angani: anzia popote, pima mteremko wa mahali hapo, piga hatua kuelekea chini, kisha pima upya.

Katika fomula yetu mteremko wa mahali popote ni 2x − 6. Tuanzie 0, ambapo mteremko ni −6. Alama ya kutoa yatuambia kuwa kushuka ni kuelekea namba kubwa zaidi. Tukisogea kila mara kwa robo ya mteremko, twafika 1.5, kisha 2.25, kisha 2.625. Kila hatua hupunguza kwa nusu umbali uliobaki kufikia 3. Kinachorudiwa ni kanuni tu. Mahali ni papya daima, na kila hatua huanzia pale ilipokomea iliyotangulia.

Sasa, badala ya robo, tusogee kwa mteremko mzima. Kutoka 0 twarukia 6. Kutoka 6 twarudi 0. Kisha 6 tena, pasipo mwisho. Hayo ndiyo marudio hasa. Neno lililokusudiwa kuitaja mbinu lataja kushindwa kwake, na mwanafunzi aliyelizoea hatatambua kwa urahisi kwamba hesabu yake imekwama.

Kwa hiyo twapendekeza "mbinu za kukaribia kwa hatua" kwa jumla yake. "Hatua" kwa kila duru ya ukokotoaji. Na "kipimo cha hatua" kwa ile robo. Namba zinapozidi kulisogelea jawabu moja, hali hiyo iitwe "mkaribio". Zinaporuka huku na huku kama hapo juu, "myumbo".

Limebaki neno "jawabu bora", ambalo watumishi wa serikali hulikuta zaidi katika ripoti za mipango. Ashukaye kwa kufuata mteremko husimama chini ya bonde aliloingia, ilhali ng'ambo ya kilima huenda pana bonde lenye kina zaidi. Mahali pa kusimama tungependa paitwe "kitako", na kile cha chini kuliko vyote "kitako kikuu". Mfasiri aandikaye "gharama ndogo kabisa" pale ambapo mkokotoaji amefikia kitako tu, ameahidi jambo ambalo hesabu haikulithibitisha.