Askari Walioanzisha Chama

Wasikilizaji na wasomaji wetu, jambo tunalotaka kuzungumza nanyi lilianzia katika swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukifundisha habari za uhuru wa Tanganyika katika chuo cha ualimu, naye kijana mmoja wa Geita akasimama. Babu yake, akasema, alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la King's African Rifles, akaenda Burma, akarudi na nishani aliyoihifadhi katika kisanduku cha bati. Kisha akauliza: "Ikiwa askari hao walimtumikia Mfalme wa Uingereza kwa uaminifu, mbona baadhi yao ndio waliokuja kuidai nchi mikononi mwake?"

Wenziwe walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lenyewe ni zito, na tena si la nchi yetu peke yake. Liliulizwa huko Marekani miaka mingi kabla ya Wazungu kutawala huku kwetu, na tukianza na habari za huko tutazifahamu zetu vyema zaidi.

George Washington alizaliwa mwaka 1732 katika Virginia, nayo Virginia wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza. Mwaka 1754, akiwa na umri wa miaka 22, aliongoza askari wa koloni lake kwenda kugombea bonde la mto Ohio na Wafaransa. Akashindwa. Tarehe 3 Julai, katika mvua kubwa, aliitoa ngome yake mikononi mwa adui, akarudi kwao. Mwaka uliofuata akafuatana na Jenerali Braddock, aliyetoka Uingereza na askari wa Mfalme waliovaa makoti mekundu. Wakashambuliwa msituni, Braddock akapata jeraha lililomwua, na Washington akaponea chupuchupu: farasi wawili walipigwa risasi chini yake, na koti lake likatobolewa na risasi nne. Habari za ushujaa huo zikaenea, naye akapewa kuliongoza jeshi zima la Virginia.

Lakini tazameni jambo lililomwuma. Palikuwa na kapiteni mmoja, jina lake Dagworthy, mwenye askari wapatao 30 tu. Kapiteni huyo alikuwa amepata zamani hati ya uofisa iliyotoka kwa Mfalme mwenyewe, na kwa sababu ya hati hiyo alikataa kumtii Washington, ambaye alikuwa kanali, kwa kuwa ukanali wake ulitolewa na koloni. Washington alipanda farasi katika baridi ya mwaka 1756, akasafiri mpaka Boston kwenda kumshtakia mkubwa wa majeshi. Akapewa haki juu ya Dagworthy. Ile hati ya Mfalme, ambayo ndiyo aliyoitamani hasa, hakuipata siku hiyo wala siku nyingine yo yote.

Mwaka 1758 akaacha jeshi. Mwaka huo huo alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Virginia. Na kwa kuwa twasema kweli, tuseme pia kwamba wapiga kura wake walinyweshwa zaidi ya galoni 140 za pombe na vinywaji vingine. Mambo ya uchaguzi hayakuanza jana. Hata ulipofika mwaka 1775, na makoloni yakakutana Philadelphia kutafuta la kufanya juu ya Mwingereza, Washington aliingia mkutanoni amevaa nguo za kijeshi. Wenziwe walikuwa wanasheria na wafanya biashara na wenye mashamba. Yeye alikuwa amekwisha kuongoza watu vitani. Wakampa jeshi lote. Mwaka 1789 akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo.

Basi jeshi lilimpa mtu huyu vitu viwili. Kwanza lilimfundisha kazi: kuhesabu watu, kuwalisha, kuandika barua za kuomba viatu na baruti, na kuwaweka pamoja watu wasiofahamiana. Pili lilimwonyesha kwa macho yake mahali ambapo njia ya mtu wa koloni inakatika, hata awe hodari namna gani. Mtu aliyebaki shambani mwake hakupata kuufikia mwisho wa njia hiyo, na kwa hiyo hakujua kwamba imefungwa.

Sasa turudi Tanganyika, twende Pangani. Hapo mwaka 1894 alizaliwa Kleist Sykes. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji pamoja na askari walioletwa na Wissmann mwaka 1889, Wajerumani walipokuwa wakipigana na Abushiri wa pwani. Baba huyo alikufa maji katika mto Ruaha wakati wa vita vya Wahehe, na mtoto akalelewa na Effendi Plantan, askari mwenzake mzaliwa wa nchi ile ile. Effendi kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kupata askari mweusi katika jeshi la Wajerumani. Juu ya effendi hapakuwa na mtu mweusi.

Kleist alisoma shule ya Wajerumani, akaingia jeshi lao, akapigana upande wao katika vita vya 1914 hadi 1918. Wazee wa Kanda ya Ziwa walizipata habari za vita hivyo kwa njia nyingine, maana Mwanza ilitwaliwa na Waingereza Julai 1916, na wengi katika nchi ya Wasukuma walichukuliwa kuwa wapagazi. Vita vilipokwisha Kleist akamtumikia bwana mpya, akafanya kazi katika reli. Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta Aggrey, mwalimu mashuhuri wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu 1957, naye akamshauri Kleist kwamba Waafrika waunde chama chao. Ushauri huo ukakaa moyoni mwake miaka mitano. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa Dar es Salaam. Rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu, na katibu wake Kleist Sykes, askari wa zamani. Katika miaka ya 1930 wanachama walijenga nyumba ya chama katika New Street. Tuikumbuke nyumba hiyo, kwa maana tutairudia.

Kleist alipata watoto, na wawili kati yao wanatuhusu: Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, na mdogo wake Ali. Vita ya pili ilipokuja, wote wawili waliingia Keya, Abdulwahid akiwa na miaka 18. Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walitumika katika vita hiyo. Wengine walikwenda Uhabeshi, wengine Madagascar, na wengine wakavuka bahari mpaka Burma, ambako mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki waliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, katika mvua na matope na malaria, mpaka mto Chindwin. Akina Sykes walikuwa miongoni mwa waliokwenda Burma.

Na tufikiri kidogo maisha ya askari hao yalikuwaje. Katika hema moja alilala Msukuma, Mhehe, Mnyamwezi, Mzaramo na Myao, nao walisema Kiswahili, kwa kuwa amri zilitolewa kwa Kiswahili. Huko kwao kila mmoja alikuwa mtu wa mtemi fulani au wa jumbe fulani, na serikali ilipenda kila mtu abaki hivyo. Ng'ambo waliitwa kwa jina moja tu, nalo ndilo la nchi walikotoka. Nasi twaona ya kuwa hili ni kubwa kuliko mizinga yote. Sisi walimu tulikuwa tukiwahubiri watoto darasani kwamba Tanganyika ni nchi moja, nao hawakuelewa sana. Lakini askari aliyegawana biskuti ngumu na mtu wa kabila asilolijua hakuhitaji kuhubiriwa.

Hilo ni funzo la kwanza. La pili ni lile la kapiteni Dagworthy. Katika Keya askari Mwafrika alipanda mpaka usajini, na aliyependelewa akawa sajini-meja. Hapo njia ilikatika. Ofisa alikuwa Mzungu, hata kama ni kijana aliyefika juzi na hajui kusema neno la kueleweka na watu wake. Mshahara haukuwa sawa, chakula hakikuwa sawa. Nao walikuwa wakipigana kuwakomboa watu wengine wasitawaliwe kwa nguvu! Mwaka 1942 Seth Anthony wa Gold Coast, aliyekuwa mwalimu kabla ya vita, alipewa uofisa na Mfalme, akapigana Burma akiwa ofisa. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba Mwafrika hawezi. Ilikuwa ni kwamba hakuruhusiwa, na mtu akikwisha kujua tofauti ya maneno hayo mawili, ni shida kumsahaulisha.

Waliochungua maisha ya Abdulwahid husimulia kwamba mwishoni mwa mwaka 1945, katika kambi ya Kalieni karibu na Bombay, wakati askari wakingoja meli ya kuwarudisha, yeye na wenziwe walikaa wakazungumza juu ya kukigeuza kile chama cha wazee kiwe chama cha siasa. India yenyewe ilikuwa ikichemka kwa kudai uhuru, nao wakaupata mwaka 1947. Wenzetu walikuwa wakitazama.

Waliporudi, kila mtu alikwenda kwao. Wengi walirudi kwa ng'ombe na pamba, wengine wakatafuta kazi katika migodi. Abdulwahid alikaa Dar es Salaam. Mwaka 1947 makuli wa bandari walifanya mgomo mkubwa, wakaunda chama chao, na mwaka 1948 Abdulwahid akawa katibu wao. Mtu wa miaka 24 kuwekwa kuandika hesabu na madai ya watu wa bandarini, ambao hawana subira na karani mvivu, si jambo dogo. Kleist akafariki mwaka 1949. Mwaka 1950 vijana wakachukua uongozi wa chama, ambacho tangu 1948 kiliitwa Tanganyika African Association, kwa kifupi TAA: Dakta Vedasto Kyaruzi akawa rais, Abdulwahid katibu. Wakaanza kuandika kwa serikali juu ya katiba na viti vya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Punde si punde Dakta Kyaruzi akahamishwa kikazi, hatimaye mpaka Nzega, na mzigo ukamwangukia katibu.

Hapa ndipo habari za Abdulwahid zinapoachana na za Washington, na hapa ndipo sisi twampendea zaidi. Mwalimu Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akafundisha Pugu. Mwaka 1953 uchaguzi wa TAA ukafanyika, wagombea urais wakiwa hao wawili: askari mwenye mji, ambaye baba yake alikuwa mwanzilishi, na mwalimu mgeni kutoka Butiama. Nyerere akashinda. Abdulwahid akawa makamu wake.

Angaliweza kususa. Angaliweza kuondoka na watu wake, na watu alikuwa nao. Hakufanya hivyo, alimchukua Nyerere nyumbani kwake na kumjulisha kwa wazee wa mji. Washington alihitajiwa kwa bunduki, maana Wamarekani waliamua kupigana. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na shauri letu lilikuwa la kusemwa New York kwa hoja na karatasi, na mtu wa kuyasema hayo alikuwa mwalimu. Sisi wenye chaki tusijivune kupita kiasi kwa sababu hiyo. Mwalimu aliikuta nyumba imejengwa, na daftari la wanachama limekwisha kuandikwa.

Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, watu 17 waliigeuza TAA kuwa TANU. Akina Sykes wote wawili walikuwamo. Kutoka Jimbo la Ziwa alikuwamo Saadani Kandoro. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ali Sykes, namba 3 ya Abdulwahid.

Kwetu kadi hizo zilichelewa. Mwaka ule ule wa 1954 serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo likakaa mpaka 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliandamana kulikataa baraza la mchanganyiko wa mataifa lililowekwa juu yao, wengine wakafika hata Mwanza, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Ile njia ya jeshini iliyokatika kwa sajini-meja haikufunguliwa siku hiyo hiyo: tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nao walitaka mambo mawili, mshahara zaidi na maofisa Waafrika. Jeshi hilo likavunjwa, na mwaka huo huo Jeshi la Wananchi likaundwa badala yake. Abdulwahid Sykes alifariki mwaka 1968. New Street sasa huitwa Mtaa wa Lumumba.

Kijana wetu wa Geita alipokwisha kuyasikia haya yote alisema kwamba atakwenda kumwuliza babu yake alilala hema moja na nani.