Kura Ipigwe kwa Mtoto au kwa Shule?

Mpango wa afya au wa elimu unapomalizika na hali ya watu ikaonekana kuwa nafuu, mtafiti wa jamii hukabiliwa na swali lililo jepesi kulitamka na gumu kulijibu, nalo ni kama nafuu hiyo imeletwa na mpango wenyewe au ingekuja hata bila ya mpango. Kuwalinganisha tu waliopata na waliokosa hakutoshi, kwa sababu mara nyingi waliopata walikuwa tofauti na wenzao tangu awali. Magharibi mwa Kenya, kwa mfano, takwimu za shule zilizokwishakuwa na chati za ukutani za kufundishia zilionyesha kwamba wanafunzi wake walikuwa na alama bora kuliko wa shule zisizo nazo. Lakini Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walipozigawa chati hizo kwa nasibu kwa shule 89 kati ya 178, alama hazikupanda. Huenda chati zilikuwa dalili tu ya shule yenye mwalimu mkuu hodari au wazazi wenye uwezo, na kasoro ya namna hii ndiyo inayoitwa upendeleo wa uteuzi.

Dawa yake ni kupiga kura. Katika jaribio la nasibu, si mtafiti wala mhusika anayeamua nani apate huduma na nani aingie katika kundi la kulinganishia, yaani kundi lisilopata huduma kwa wakati huo, bali bahati peke yake. Na washiriki wakiwa wengi vya kutosha, bahati huyafanya makundi mawili yafanane kwa wastani, hata katika mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliikuza mbinu hii katika majaribio ya kilimo huko Rothamsted miaka ya 1920, ambako vipande vya shamba viligawiwa mbolea kwa nasibu. Vipande vya shamba, hata hivyo, vina sifa moja ambayo watoto hawana: havitembeleani.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika katika mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 wilayani Busia, karibu na Ziwa Victoria, ambako asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo au kichocho. Tafiti nyingi za awali zilikuwa zimepiga kura kwa mtoto mmoja mmoja ndani ya shule ileile, na nyingi ziliona manufaa madogo. Edward Miguel na Kremer waliona mtego uliojificha hapo: mayai ya minyoo husambaa kwa kinyesi na udongo, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa humpunguzia maambukizi hata jirani yake asiyetibiwa, na kadiri kundi la kulinganishia linavyopata nafuu ya bure, ndivyo tofauti kati ya makundi inavyopungua na dawa inavyoonekana kuwa dhaifu kuliko ilivyo. Kwa hiyo katika mradi wao walioingizwa katika makundi hawakuwa watoto bali shule nzima, 75 kwa jumla, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, zikagawanywa makundi matatu yaliyoanza kupata dawa mwaka 1998, 1999 na 2001. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizotibiwa, ingawa alama za mitihani hazikubadilika.

Uamuzi wa kugawa shule nzima una gharama yake. Watoto wa shule moja hufundishwa na walimu walewale na hunyeshewa na mvua ileile, hivyo watoto 30,000 si ushahidi 30,000 unaojitegemea, na mtafiti anayekokotoa kana kwamba kila mtoto alipigiwa kura yake hujipa uhakika asiostahili. Vilevile si kila mtoto wa shule iliyochaguliwa alimeza dawa, maana baadhi ya wazazi hawakutoa idhini na watoto wengine hawakuwepo shuleni siku ya dawa. Kishawishi cha kuwahesabu waliomeza peke yao ni kikubwa, lakini kukifuata ni kuurudisha kwa mlango wa nyuma upendeleo ambao kura iliufukuza mbele. Wanaolinganishwa ni wote waliopangiwa dhidi ya wote wasiopangiwa. Mahudhurio nayo hayakuchukuliwa kutoka rejista za walimu, bali kwa ziara zisizotangazwa.

Hata hivyo, mradi huo mashuhuri haukuwa na kura halisi: shule ziliorodheshwa kwa kanda na kwa alfabeti, kisha zikahesabiwa tatu-tatu, utaratibu unaokaribia nasibu bila kuwa nasibu yenyewe. Waandishi walitoa data zao kwa wengine, na mwaka 2015 watafiti wa London waliozikokotoa upya walichapisha makosa waliyoyakuta, likiwamo kosa katika hesabu ya manufaa yaliyovuka kwenda shule za mbali. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali, nao uliwezekana kwa kuwa data hazikufungiwa kabatini.

Mtego wa mwisho huja baada ya jaribio kufaulu, pale matokeo ya mahali pamoja yanapochukuliwa kuwa kanuni ya kila mahali. Tessa Bold na wenzake walijaribu mpango wa walimu wa mkataba kote Kenya, wakaamua kwa nasibu hata atakayeuendesha: chini ya shirika lisilo la kiserikali alama za wanafunzi zilipanda, na chini ya serikali, kwa mpango uleule, hazikupanda hata kidogo.