Kwa Nini Red Rum Alililiwa Hivyo

Farasi wa mbio Red Rum alikufa Oktoba 18, 1995, akiwa na miaka 30. Alikuwa hajashindana kwa miaka 17, na bado Uingereza ilimlilia kama nyota aliyekuwa uwanjani jana. Ushindi peke yake hauelezi mapenzi hayo.

Nadhani chanzo kimojawapo ni kwamba alikuwa amehasiwa. Farasi dume anayeng'ara katika mbio za uwanda tambarare mara nyingi huondolewa mapema, pengine akiwa na miaka mitatu tu, kwa sababu mbegu yake ina faida kuliko miguu yake. Watazamaji hawapati muda wa kumzoea. Wanaoruka viunzi wengi wao wamehasiwa. Hawana kazi nyingine ila kukimbia, basi hurudi mwaka baada ya mwaka, na watu huzeeka nao.

Red Rum alirudi Aintree, karibu na Liverpool, mara tano kwa mbio za Grand National: kilomita zipatazo saba, viunzi 30. Alishinda 1973 na 1974, akawa wa pili 1975 na 1976, kisha akashinda tena 1977 akiwa na miaka 12. Hakuna farasi mwingine aliyezishinda mara tatu. Hiyo ni miruko 150, na hakuanguka hata mara moja. Ushindi wa kwanza haukumpa sifa mara moja, maana wengi walimhurumia Crisp, aliyebeba kilo 10 zaidi na kupitwa hatua za mwisho kabisa. Mwaka uliofuata Red Rum mwenyewe alibebeshwa uzito wa juu, kilo 76, akashinda. Hapo ubishi ulikwisha.

Kisha kuna pwani ya Southport. Mkufunzi wake, Ginger McCain, aliwahi kuendesha teksi, na mabanda ya farasi yalikuwa nyuma ya duka lake la magari. Alimnunulia mzee Noel Le Mare, abiria wake wa zamani, farasi huyu kwa gini 6,000, na muda si muda farasi akaonekana anachechemea: alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ukwatoni. Wakamtembeza katika maji ya bahari, akatoka anatembea sawasawa. Tangu hapo mazoezi yake yakawa mchangani, mbele ya yeyote aliyekuja ufukweni. Ni bingwa gani mwingine ambaye mji mzima ulimwona akijifua bure?

Alistaafu 1978 kwa ufa mdogo mfupani, mkesha wa National. Hakufichwa malishoni. Alizindua maduka, akatembezwa kwenye hafla, na watu wakamgusa kwa mikono yao.

Bingwa dume akifa, wapenzi wake hugeukia watoto wake uwanjani. Red Rum hakuacha mtoto. Ndiyo sababu kaburi lake lina uzito usio wa kawaida: alizikwa Aintree penyewe, kando ya nguzo ya kumalizia mbio, na wanaomkumbuka huenda huko.