Jengo Hupokelewa Juni, Joto Huja Oktoba

Mwaka wa fedha wa Serikali huishia tarehe 30 Juni, na majengo mengi ya umma hukimbizwa yakamilike kabla ya siku hiyo. Wakati huo Tabora huwa ni majira ya baridi. Kamati ya mapokezi hupita chumba hadi chumba, ikakuta ofisi yenye rangi mpya na ubaridi wa kupendeza, na hati ikasainiwa. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini mwa Tabora, maana mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mvua bado, na joto la mchana huzidi nyuzi 30. Hapo ndipo jengo linapofanyiwa mtihani wake, na wanaoumia ni waliomo ndani.

Hewa, joto, mwanga na utulivu wa ofisi huamuliwa siku mkataba wa ujenzi unapoandikwa. Jengo likishasimama, kinachobaki ni kununua feni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya ya wafanyakazi wake, na OSHA, wakala wa Serikali unaosimamia sheria hiyo, ikija kukagua humuuliza yeye. Lakini dirisha hakuliweka yeye. Limewekwa na mkandarasi, kwa kufuata michoro na BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vinavyolipiwa. Mkataba usiposema lolote kuhusu hewa, mkandarasi aliyefuata BOQ hana kosa, na mwajiri anabaki kudaiwa kitu ambacho mkataba wake haukukiagiza.

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 5 kwa 6, chenye watu wanane. BOQ imetaja dirisha moja la aluminiamu la kusukuma, upana mita 1.5 na kimo mita 1.2. Kwenye karatasi hizo ni mita za mraba 1.8. Lakini kioo kimoja cha dirisha la kusukuma hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo uwazi halisi ni mita za mraba 0.9 tu, yaani asilimia 3 ya sakafu, na wavu wa mbu nao unapunguza upepo. Juu kuna bati, chini yake jipsamu, na kama dari halina matundu ya kutolea joto, chumba huchemka hadi jioni. Ukifunga kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, kinapoza hewa ileile bila kuleta mpya. Madirisha yanafungwa, kabonidioksaidi ya pumzi inapanda, na mwenye mafua au kifua kikuu anawaambukiza wenzake kwa urahisi.

Tabora yenyewe ina historia ya kujenga kwa kulifikiria jua. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, lina kuta nene za udongo zinazochelewesha joto la mchana lisifike ndani upesi. Tembe nalo lilikuwa na upungufu wake: matundu madogo, mwanga hafifu. Hatuhitaji kulirudia. Tunahitaji uangalifu ule uandikwe kwenye mikataba ya leo.

Ufini wamefanya hivyo. Tangu mwaka 1995 wana madaraja ya ubora wa mazingira ya ndani, S1, S2 na S3. Kuyatumia ni hiari, lakini mwenye jengo akichagua daraja na kuliandika katika mkataba, linakuwa deni.

Kwetu, mambo matatu yangetosha kuanzia. Kwanza, lengo linalopimika: kwa mfano, chumba kikijaa watu, kabonidioksaidi isizidi sehemu 1,000 kwa milioni, wakati hewa ya nje ina takriban 420; na saa nane mchana joto la ndani lisipite la nje kivulini. Pili, kila kinachohitajika kufikia lengo kiwe na mstari wake kwenye BOQ: madirisha ya bawaba yanayofunguka yote, pande mbili za chumba, veranda, matundu ya dari. Kisicho kwenye BOQ hakilipwi, na kisicholipwa hakijengwi. Tatu, vipimo vifanyike mara mbili, siku ya makabidhiano na tena Oktoba watu wakiwa kazini. Kipindi cha matazamio cha miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano kinaifikia Oktoba, na fedha iliyozuiwa kwenye malipo ya mkandarasi iachiliwe baada ya kipimo hicho cha pili.

Haki nayo ilindwe. Mkandarasi awajibike pale alipokiuka mchoro. Mchoro wenyewe ukiwa na kasoro, aulizwe msanifu. Na pale ofisi inapojengwa kwa fosi akaunti, taasisi ikinunua vifaa na kumlipa fundi ufundi tu, masharti hayohayo yaingie kwenye orodha ya vifaa na makubaliano ya fundi, kwa lugha anayoielewa.

Zabuni ikishatangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kubadili dirisha kunaanza kuwa gharama na barua. Kwa hiyo wawakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi waitwe mapema, michoro ikiwa bado mezani, waulizwe wanafanyia kazi wapi, saa ngapi na wangapi. Wao ndio wanaojua Oktoba ikoje ndani ya ofisi zao.