Hatari ya Moto katika Oili ya Mitambo

Katika karakana na viwanda vya Vingunguti, Dar es Salaam, oili ni kitu cha kila siku. Oili hulainisha injini, na ile ya haidroliki huinua jeki na bodi la tipa. Kwa kuwa haishiki moto upesi kama petroli, watu wengi hudhani kwamba haina hatari. Dhana hiyo ni ya kweli nusu tu.

Kinachowaka si mafuta yakiwa kimiminiko, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata penye baridi kali. Oili nyingi za haidroliki zitokanazo na mafuta ghafi hazitoi mvuke wa kiasi hicho mpaka zifikie joto la nyuzi 200 za Sentigredi hivi.

Hali hubadilika mpira wa haidroliki unapotoboka. Kanieneo ya ndani yaweza kuwa zaidi ya mara 100 ya ile ya hewa, hivyo oili huchomoka kwa kasi na kutawanyika kama ukungu. Tone lenye kipenyo cha sentimita 1 likigawanyika kuwa vitone vyenye kipenyo cha milimita 0.1, hupatikana vitone 1,000,000, na jumla ya eneo la nyuso zake huwa mara 100 ya lile la awali. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa kanuni za tufe. Vitone hivyo hupata joto na kugeuka mvuke upesi mno. Cheche za kuchomelea chuma zatosha kuviwasha, ijapokuwa oili iliyomo katika tangi ni baridi.

Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier huko Marcinelle, Ubelgiji, kigari cha makaa kilichokaa vibaya ndani ya lifti kilikata nyaya za umeme pamoja na bomba la oili yenye kanieneo kubwa. Oili ililipuka moto, na watu 262 wakafa.

Hivyo basi, yafaa mpira uliochakaa ubadilishwe kabla haujapasuka, na kazi ya kuchomelea ifanywe mbali na mitambo inayovuja. Moto ukitokea, pampu izimwe kwanza, kwani ndiyo inayoulisha. Kisha litumike povu au unga wa kuzimia moto. Maji yakimwagwa juu ya oili inayowaka huitawanya na kuueneza moto.